Nilikuwa Nakata Bima ya Trafiki

Kwa miaka minne stika ya bima kwenye kioo cha Fuso yangu ilikuwa na kazi moja tu: kumnyamazisha trafiki. Kulikuwa na kijana mjini mwenye meza, kompyuta na mwavuli. Nikimpigia asubuhi, mchana stika iko tayari. "Mama, ya mwaka huu nimekupunguzia." Nami nafurahi. Ile karatasi aliyonipa pamoja na stika sikuwahi kuisoma. Niliikunja nikaitia kwenye deshibodi, tingo akaimwagia chai, ikachanika kwenye mikunjo, basi.

Fuso niliinunua 2015. Wakati huo nilikuwa mtu wa Mwaloni, Kirumba, soko la dagaa la Mwanza, nauza dagaa kwa gunia, na magari ya kukodi yalikuwa yameniua. Unaambiwa gari linakuja jioni, linakuja kesho kutwa, na huku mawingu yanakusanyika juu ya ziwa. Kijana wa mwavuli aliniuliza swali moja: "Unabeba nini?" Nikamwambia dagaa wangu mwenyewe. Akaandika. Siku ile lilikuwa jibu la kweli kabisa.

Lakini gari la mizigo halirudi tupu, labda mwenye gari awe na pesa za kuchezea. Ukishusha dagaa unatafuta unga, saruji, sabuni, chochote cha kurudi nacho. Kufikia 2017 dagaa wangu walikuwa wanapanda Fuso ile mara moja kwa mwezi, siku nyingine zote nabeba mali za watu na wananilipa. Mimi sikumwambia kijana, na yeye hakuuliza. Kila mwaka tulinakili jibu la 2015.

Julai 2019 gari lilikuwa linakwenda Bukoba na mafuta ya kula na sabuni za mfanyabiashara mmoja wa jumla. Lilivuka Kigongo kwa kivuko, likapita Sengerema na Geita. Saa nne usiku dereva akanipigia: "Bosi, gari limelala." Mimi nilikuwa nimeshasinzia, nikamjibu, "Laleni tu, mtaondoka alfajiri." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hapana bosi. Limelala."

Alikuwa amemkwepa mtu wa baiskeli isiyo na taa, mbele ya Biharamulo. Mwenye baiskeli mzima, dereva mzima, tingo alivunjika mfupa wa bega. Nilifika kesho yake mchana kwa basi. Nilichokikuta kikubwa ni harufu ya sabuni. Manyunyu yalikuwa yameanza, na mtaro mzima wa barabara ulikuwa unatoa povu, jeupe, kama kuna mtu amefulia nguo za kijiji kizima humo ndani. Bredauni akaniambia milioni mbili na nusu kulisimamisha na kulivuta. Nikalipa. Nilijua nina bima kubwa.

Kwenye ofisi ya kampuni ya bima nilipokelewa vizuri, nasema ukweli. Bwana mmoja wa makamo, miwani imekaa puani, akaniuliza mzigo ulikuwa wa nani. Nikamtajia kwa majivuno, maana mwenye mzigo ni mtu mzito mjini, nikadhani jina lake litaharakisha mambo. Akaandika. Akaomba karatasi ya mzigo, nikampa. Akafungua faili, akanigeuzia ukurasa na kuweka kidole kwenye mstari mmoja: matumizi ya gari, kubeba mizigo ya mwenyewe.

Ndipo nilipofundishwa, na ada ya shule niliilipa mimi. Kwenye vitabu vya bima, lori linalobeba mali ya mwenye lori na lori linalobeba mali za watu kwa malipo ni magari mawili tofauti, hata kama yametoka kiwanda kimoja siku moja. La kukodi linatembea usiku na mchana, linakimbizana na muda wa mteja, na ada yake ni kubwa zaidi. Ule "upunguzo" niliokuwa nachekea kila mwaka ulitoka humo. Barua ya kukataa madai yangu ilikuwa na aya mbili.

Nimesikia watu wengi wakisema kampuni za bima ni wezi. Yangu haikuniibia. Niliwauzia habari ya uongo kwa miaka miwili bila kujua, wakanipa bima ya gari ambalo sikuwa nalo.

Halafu kuna mzigo. Hata kama mstari ule ungekuwa sahihi, mafuta na sabuni visingelipwa. Hilo jina "bima kubwa" limewaumiza wengi. Mtu akisikia kubwa anadhani imefunika kila kitu, kumbe ni gari lenyewe na wale wa nje uliowaumiza au kuwaharibia mali. Kilicho juu ya bodi kina bima yake, bima ya mizigo safarini, na usipoikata wewe msafirishaji, mwenye mali atakuja kwako. Alikuja. Milioni nane na laki nne, nikamlipa kwa miezi kumi na tano. Matengenezo ya gari yalikula milioni kumi na moja. Kijana wa mwavuli alipokea simu yangu mara mbili, ya tatu ikawa haipatikani.

Mwaka 2021 nikachukua mkopo wa semi, kichwa na tela. Benki walitaka kuniunganishia bima hapohapo kwenye fomu ya mkopo, ukurasa wa nne, sahihi hapa. Nikawaambia subirini.

Tulio wengi hatutofautishi wakala na broka, maana wote wanatupa stika. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni ya bima, mguu wake uko upande ule. Broka anasimama upande wako: anakwenda sokoni kwa niaba yako, analinganisha kampuni, na siku ya hasara yeye ndiye wa kukusukumia madai. Anacholipwa ni kamisheni inayotoka kwenye ada ileile. Nilipolielewa hilo niliumia upya, maana kumbe kwa miaka yote ningeweza kuwa na mtu wa kwangu.

Ila si kila broka anajua malori. Niliwaendea watatu.

Wa kwanza alikuwa na ofisi ya baridi, kioo mpaka chini, ziwa linaonekana. Wateja wake hoteli, shule na zahanati. Aliniuliza tani na thamani, dakika kumi karatasi ikatoka kwenye printa. Mimi nilikuwa nimejiandalia swali: "Semi yangu ikimgonga mtu Kigali, inakuwaje?" Akatabasamu: "Mama, hii ni bima kubwa, inakamata kote." Nikamshukuru kwa maji ya kunywa.

Wa pili alinipigia yeye, nadhani kuna mtu alimpa namba. Bei yake ilikuwa chini ya yule wa kwanza kwa zaidi ya milioni moja, na nikiri moyo ulidunda. Nikakaa naye nimwulize punguzo limetoka wapi. Akaeleza kwa urafiki kabisa: ameshusha thamani ya gari. "Wewe sema milioni mia, nani atajua?" Gari na tela vilikuwa vya milioni mia na hamsini.

Nani atajua? Mtathmini, yule anayekuja kupima hasara, atajua, siku ya kwanza. Hesabu yake ni hii, na kila mwenye lori aifanye kwa kidole. Gari la milioni 150 ukiliandikisha milioni 100, umekata bima ya theluthi mbili. Ukipata hasara ya milioni 30, unalipwa theluthi mbili, yaani milioni 20, na bado hujatolewa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mkataba unakuachia uibebe mwenyewe. Umeokoa milioni moja kwenye ada, umepoteza kumi barabarani. Tena huyo hakuwa ameliandika tela kivyake. Tela lina namba yake na linaandikiwa bima yake, halifunikwi kwa sababu limefungwa nyuma ya kichwa chenye bima.

Wa tatu nilielekezwa na fundi matairi wa Igoma. Ofisi ghorofani, chini kuna duka la spea, ngazi zina grisi. Mama wa umri wa kama miaka sitini, zamani karani wa kampuni ya malori. "Mwangaluka mayu," akanisalimia Kisukuma, akanipa kigoda, na kwa saa nzima na zaidi hakutaja bei.

Aliuliza mzigo wa nani. Unapakiwa wapi, nani anaufunga turubai, nani anahesabu. Gari likishusha linarudi na nini. Madereva wangapi, leseni zao zina daraja E au ni maneno ya mdomo. Gari linalala wapi, na anayelilinda analipwa na nani. Mipaka ipi: Sirari, Mutukula, Rusumo, Kabanga? Aliomba karatasi ninayompa mteja wakati wa kupakia, akaigeuza nyuma kuangalia kama nimeandika masharti yoyote. Nyuma kulikuwa kweupe. Akatikisa kichwa, akaendelea.

Swali langu la Kigali alilijibu akiwa anatafuta miwani. Kuna Kadi ya Njano, bima ya kuvukia mipaka ya COMESA, ile jumuiya ya soko la mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi tulibaki, na Rwanda, Uganda, Burundi na Kongo zimo. Kadi inamhudumia uliyemgonga kule, kwa sheria za kule, na matibabu ya waliomo kwenye gari lako. Bodi ya gari lako haimo. Ukitaka gari lenyewe lilipwe likiumia nje, mkataba uandikwe kwamba eneo limepanuliwa hadi nchi fulani na fulani, zitajwe. "Na kama unaishia Dodoma," akasema, "kadi usinunue. Utakuwa unanipa hela ya bure."

Hapo nikaanza kumwamini. Mtu anayekuzuia kununua si wa kupuuza.

Kesho yake alikuja uani kuliona gari. Akaomba kitambaa chenye sabuni, akainama chini ya tela, akasugua mpaka namba ya chesisi ikatoka, akawa anasoma herufi moja moja huku mimi nimeshika kadi ya gari. Ilipofika ya saba akaniambia rudia. Kadi inasema 8, chuma kinasema B. Mtu aliyeandika alikosea, na hakuna aliyeinama kuangalia. "Hii," akasema akijipangusa mikono, "siku ya ajali inakuwa kesi." Tulikwenda TRA kurekebisha kabla ya kukata chochote.

Pia alinisomea habari ya uzito, na hapo hakuwa na utani. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha juu kabisa cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Wenye malori tunaichukulia kama ugomvi wetu na watu wa mizani Usagara. Yeye aliniambia ni ugomvi na mkataba wa bima vilevile. Gari likipinduka limezidisha, kampuni inaomba karatasi za mizani. "Ukizidisha tani na ukapinduka, usianze kunipigia mimi. Anza na Mungu."

Sikumpa kazi siku hiyo. Nilikwenda kwanza ofisi ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ya Kanda ya Ziwa, hapahapa Mwanza, nikauliza kama leseni yake ni hai. Iko hai. Kisha nikamwomba majina ya wateja wake, lakini wateja wa aina moja. "Usiniletee walioridhika, mama. Niletee waliopinduka." Alicheka sana, akanipa wawili. Mmoja alinipa maneno mazuri tu. Wa pili, mwenye malori ya pamba, aliniambia alilipwa yote lakini baada ya miezi minne, akagombana na huyu mama njiani mara mbili, kisa karatasi za polisi kuchelewa. Huyo wa pili ndiye aliyenishawishi.

Bei ilipokuja ilikuwa juu kuliko ya yule wa printa kwa karibu theluthi, na juu yake kuna VAT, asilimia 18. Nilikaa kimya nikibadilisha zile shilingi kuwa magunia ya dagaa. Akanipitisha mstari kwa mstari: kubeba mizigo ya watu kwa malipo, kichwa, tela, mzigo hadi milioni sitini kwa safari, kiwango cha bredauni. Kulikuwa na nyongeza moja ya mali inayoibwa baada ya ajali, watu wanapokusanyika. Hiyo nikaikata ili kupunguza. Alinitazama akasema, "Ni gari lako mayu," akaandika tarehe na akaniwekesha sahihi kwamba nimekataa.

Mei 2023 semi ilikuwa na mchele kwenda Dar. Kwenye mlima wa Sekenke lori la mbele likafeli breki, dereva wangu akalazimika kulichagua korongo. Safari hii mtu wa kwanza kupigiwa simu hakuwa mimi. Namba ya yule mama broka ilikuwa imebandikwa kwenye deshibodi, palepale nilipokuwa natia ile karatasi ya chai. Mimi nilipopata habari, dereva alikuwa ameshapiga picha za matairi, namba za magari yote mawili, mzigo ulivyokaa, alama za breki kwenye lami. Alikuwa ameambiwa asisaini karatasi ya mtu yeyote kukubali kosa, na bredauni asiguse gari kabla bei haijaandikwa. PF 90, ile ripoti ya polisi ya ajali, tuliipata siku ya tatu kwa sababu mtu alikuwa anaifuatilia.

Mtathmini alikuja gereji na daftari. Alitaka kukata uchakavu kwenye karibu kila kipande: kioo, taa, mpaka kiti. Mama akapanda ngazi ya kichwa cha gari na sketi yake ndefu, akamwonyesha risiti za vipande nilivyovibadilisha miezi mitano nyuma, maana alishanilazimisha kutunza risiti kwenye faili. Walibishana mpaka saa tisa. Matairi alikata, na kwa haki, yalikuwa yamekwisha. Taa na kioo aliacha.

Wiki ya tisa pesa zikaingia. Mchele uliolowa na kupasuka ukalipwa. Magunia arobaini na sita yaliyobebwa usiku ule na watu wasiojulikana hayakulipwa. Nilianza kupandisha sauti, mama akafungua faili, akanisogezea karatasi yenye sahihi yangu. Nilirudi nyumbani kimya. Mwenye mchele nilimlipa hayo arobaini na sita kutoka mfukoni, na nyongeza ile sasa ninayo.

Watu huniuliza kwa nini nisiende mwenyewe kwenye kampuni, nikaokoa muda. Uende, kama unaweza kubishana na mtathmini juu ya umri wa taa. Na ukiona umedhulumiwa kweli yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ila hata huko utaulizwa karatasi inasemaje.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za majini tunapita bila foleni ya kivuko, na safari zangu za magharibi zimeongezeka maradufu. Kabla sijafikiria hata kumwambia, mama alinipigia: njoo, mkataba wako umeshakuwa wa zamani. Nikamwambia aandike tu kama mwaka jana, ananijua. Akakataa. Nikapanda ngazi zake za grisi, akatoa karatasi tupu, akaanza na swali lilelile la kijana wa mwavuli.

"Unabeba nini?"

Nikamtajia: mchele, saruji, mashudu, dagaa wangu mara mojamoja. "Na kuna bwana mmoja ananipa mabondo kidogo. Yanapanda nyuma ya kiti, katoni sita tu."

Kalamu ikasimama. Mtu wa Mwanza hahitaji kuambiwa bondo kavu la sangara, kile kibofu cha hewa cha tumboni mwa samaki, linauzwaje. Kilo moja ya zuri ni laki kadhaa, na katoni sita zilizojaa zinaweza kuizidi thamani ya mchele wote ulioko bodini.

"Yanapanda nyuma ya kiti," akarudia polepole. "Tangu lini?"